Uzi: Baraza la jamii la mji mdogo wa Uskoti halina fedha wala amri, lakini viti vyake visibaki wazi

Mwanzisha uzi

Ndugu zangu, mimi ni mzaliwa wa Tanga, ninafanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee, na nimeishi miaka kumi na mmoja katika mji mdogo wa mashariki ya Uskoti, si mbali na Brechin. Miaka miwili iliyopita niliingia katika baraza la jamii la mji huu, yaani chombo cha wakazi wanaojitolea kufikisha maoni ya mji kwa halmashauri. Waswahili wenzangu walioko Dundee, Aberdeen na Glasgow wamenitaka mara kadhaa niwaeleze chombo hiki ni kitu gani, kwa kuwa wengi wetu hupita kila siku mbele ya ubao wa matangazo, tukaona karatasi yenye tarehe ya kikao na ajenda zake, tukadhani kwamba hayo ni ya wenyeji na hayatuhusu. Naandika kwa kirefu kwa sababu majira haya ya baridi kikao chetu kimeahirishwa mara mbili kwa kukosa akidi, na jambo hilo limeniuma sana.

Tunakutana Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, saa moja jioni, katika ukumbi wa kanisa. Yeyote aliyewahi kukaa katika kikao cha serikali ya mtaa nyumbani hatapotea. Mwenyekiti hufungua, katibu hutaja walioleta udhuru, muhtasari wa kikao kilichopita huthibitishwa, kisha hufuata yatokanayo, taarifa ya polisi, taarifa ya madiwani wa kata, maombi ya vibali vya ujenzi, taarifa ya mweka hazina, na mwisho mengineyo. Mwananchi yeyote anaruhusiwa kuingia, kusikiliza, na kusema pale mwenyekiti anapompa nafasi. Wajumbe wote ni watu wa kujitolea. Hakuna posho wala nauli, na chai tunachangishana wenyewe. Madiwani wa halmashauri huhudhuria na kujibu maswali, lakini hawapigi kura, kwa kuwa baraza si la chama chochote cha siasa.

Mambo yanayozungumzwa ni ya kawaida, nami sioni haya kuyataja. Mashimo ya barabarani hayakosekani katika kikao chochote kuanzia Januari hadi Aprili, kwa sababu maji huingia katika nyufa za lami, usiku yakaganda na kutanuka, mchana yakayeyuka, na baada ya siku chache za namna hiyo lami hubomoka kama mkate uliochovywa. Kinyesi cha mbwa nacho kina sheria yake tangu mwaka 2003, na asiyeokota cha mbwa wake hutozwa pauni 80, ila faini hiyo inahitaji shahidi, na majirani hawapendi kutoleana ushahidi. Taa za barabarani zina uzito kuliko mtu wa kwetu anavyoweza kudhani: mwezi Desemba jua linazama huku yapata saa tisa na nusu alasiri, kwa hiyo taa moja iliyokufa kwenye njia ya shule maana yake ni watoto kurudi nyumbani gizani.

Choo cha umma kilitushughulisha karibu mwaka mzima. Sheria ya Uskoti haiilazimishi halmashauri yoyote kuwa na vyoo vya umma, ndiyo maana bajeti inapobana vyoo huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kufungwa. Kwa kijana, kufungwa kwa choo ni usumbufu mdogo. Kwa mzee anayetumia dawa za kukojoa ni sababu ya kutotoka nyumbani kabisa, na wazee hao ndio ninaowahudumia kila siku. Katika eneo la Highland halmashauri huwalipa wenye maduka na migahawa ili waruhusu wapita njia kutumia vyoo vyao hata bila kununua kitu. Sisi hatuna fedha za kumlipa mtu. Tulichofanya ni kwenda wajumbe watatu, duka kwa duka, tukiomba. Wanne walikubali, na sasa wana kibandiko kidogo kwenye vioo vya milango yao.

Jambo lililonifanya niliamini baraza hili, hata hivyo, ni basi la usiku. Kampuni inayohudumia njia yetu ilitangaza kuondoa safari ya mwisho kwa kuwa haiwalipi. Ieleweke kwamba tangu katikati ya miaka ya 1980 kampuni za mabasi nje ya London zimekuwa huru kuchagua njia zenye faida, na halmashauri huweza kuchangia fedha pale tu inapoona kwamba safari fulani ni ya lazima kwa jamii. Serikali ya Uskoti imewapa kadi ya kusafiri bure wenye umri wa miaka 60 na zaidi tangu mwaka 2006, na walio chini ya miaka 22 tangu tarehe 31 Januari 2022. Lakini kadi ya bure haimfikishi mtu mahali ambapo basi halipiti. Sisi tunaotoka zamu saa nne usiku tungebaki na teksi au miguu.

Katibu wetu, mama aliyestaafu ualimu, alisema tusiandike malalamiko, tuandike hesabu. Kwa wiki tatu za Februari tulipokezana kituoni, kila usiku mjumbe mmoja na daftari, tukiandika wangapi wamepanda, wanatoka wapi na wanakwenda wapi. Ilibainika kwamba wengi wa abiria walikuwa wahudumu wa wazee na wanafunzi wa chuo, watu ambao hawakuwahi kufika katika kikao chochote kwa sababu saa ya kikao wako kazini au darasani. Daftari lile lilipelekwa halmashauri, na halmashauri ikakubali kuchangia safari hiyo kwa miezi sita. Miezi hiyo inakaribia kwisha. Tuna viti kumi na viwili, na vilivyo na watu ni sita.

Mchangiaji wa Dodoma

Dada, hongera kwa kazi hiyo na kwa kuieleza kwa utulivu. Mimi nimekuwa mtendaji wa kijiji kwa miaka kadhaa, kwa hiyo nasoma habari zako nikizilinganisha na zetu. Huku mkutano mkuu wa kijiji una kauli juu ya ugawaji wa ardhi, halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo, na mwenyekiti anaweza kumwita mtu ofisini akaja. Nyinyi, kwa maelezo yako, mnaandika barua. Naomba kuuliza kwa nia njema: barua isiyo na amri nyuma yake inamzuia nani? Na kama miji hiyo ni ya zamani, kama tunavyosikia, ilikuwaje ikakubali kubaki na chombo kisicho na mamlaka?

Mwanzisha uzi

Kaka, swali lako ni zito na linastahili kujibiwa kuanzia mizizi. Miji mingi ya huku iliwahi kujitawala. Ilikuwa na mabaraza yake yenye mkuu wa mji, kodi, mali na watumishi, na baadhi ya haki hizo zilitokana na wafalme wa zama za kati. Sheria ya serikali za mitaa ya Uskoti ya mwaka 1973 iliyafuta mabaraza hayo kuanzia Mei 1975, na madaraka yakapelekwa juu, kwenye mikoa na wilaya. Mwaka 1996 vyombo hivyo navyo viliondolewa, zikabaki halmashauri 32 kwa nchi nzima. Ili uone ukubwa wake, halmashauri ya Highland peke yake ina eneo linalokaribia Rwanda nzima. Kati ya mwananchi na ofisi kubwa namna hiyo, sheria ileile ya 1973 iliweka mabaraza ya jamii, ambayo leo ni takriban 1,200, na ikayapa kazi ya kuyatafuta maoni ya wakazi, kuyaratibu na kuyafikisha kwa mamlaka, pamoja na kuchukua hatua yoyote ya manufaa inayowezekana. Kutoza kodi hayakupewa. Mabaraza ya parokia ya England, ambayo ni ya kiraia na si ya kanisa, yanaweza kuongeza kiasi chao juu ya kodi ya halmashauri. Ya kwetu hayawezi hata senti moja. Naona hilo ni kosa la watunga sheria, na sijasikia hoja ya kulitetea iliyoniridhisha.

Pamoja na hayo, barua yetu si sawa na barua ya mtu binafsi. Katika maombi ya vibali vya ujenzi baraza lina haki ya kushauriwa kisheria, na afisa mipango akiandika taarifa yake analazimika kuonyesha tulichosema. Mtu akiomba leseni ya kuuza pombe, bodi ya leseni inapaswa kutuarifu. Kwa mashamba makubwa ya mitambo ya upepo, yanayozidi megawati 50, uamuzi hutolewa na mawaziri wa Uskoti, nasi tunatoa maoni yetu huko. Ila hapa nikiri mpaka wetu, kwamba kwa miaka mingi pingamizi la halmashauri lililazimisha uchunguzi wa hadharani, na pingamizi la baraza la jamii halikulazimisha. Mwongozo wa serikali unapendekeza wenye mitambo wachangie jamii za jirani angalau pauni 5,000 kwa mwaka kwa kila megawati, na mara nyingi ni wajumbe wa mabaraza kama letu wanaoketi kupanga fedha hizo ziende kwenye nini.

Haki ninayoithamini kuliko zote inahusu mali ya pamoja ya mji. Zamani kila mji wenye hadhi ya kujitawala ulikuwa na mali yake, yaani viwanja, majengo, malisho, hata mikufu ya mkuu wa mji, na sheria ya mwaka 1491, ambayo haijafutwa hadi leo, iliagiza mapato yake yatumike kwa faida ya mji wenyewe. Mabaraza yalipofutwa, mali hiyo iliangukia mikononi mwa wilaya na baadaye halmashauri, na katika kuhamahama huko sehemu nyingine zilipoteza hata orodha. Sheria ya kuziwezesha jamii ya mwaka 2015 imezitaka halmashauri ziandae daftari la mali hizo, na inazuia kuuza au kubadilisha matumizi ya mali yoyote ya namna hiyo kabla ya kutangaza kwa umma na kuliarifu baraza la jamii la mahali husika.

Sasa chukua mfano wa kwetu. Lilikuja pendekezo la kuuza kijumba cha mawe kilichoko bustanini, ambacho kilionekana kuwa mali ya kawaida ya halmashauri. Mzee mmoja, mjumbe wetu wa miaka mingi, alikumbuka kwamba baba yake alikuwa akilipa kodi ya kijumba hicho kwa mji wenyewe. Tulichimba katika mihtasari ya zamani iliyohifadhiwa maktaba, tukapata mahali kilipoandikwa kama mali ya mji, tukaambatisha nakala kwenye barua. Kijumba kikaingizwa kwenye daftari, na mauzo yakasimama mpaka taratibu zifuatwe. Hatukumwita mtu ofisini, kaka. Lakini kama siku hiyo baraza lingekuwa limevunjika kwa kukosa wajumbe, taarifa ile isingekuwa na pa kupelekwa.

Mchangiaji wa Aberdeen

Dada yangu, salamu. Mimi ni Mrundi, niko Uskoti kwa viza ya kazi, nahudumia wazee kama wewe. Nimesoma yote uliyoandika na ninajiuliza kama mtu wa hali yangu anaweza kuingia katika baraza hilo bila kuonekana kwamba amevamia shughuli za wenye nchi. Lafudhi yangu ni nzito. Isitoshe, sina uhakika kama sheria inaniruhusu hata kupiga kura. Nisingependa kujitokeza mbele za watu halafu nikaambiwa kwamba sina haki.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, haki unayo, na usikubali mtu akuambie vinginevyo. Sisi wa Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda tulikuwa tayari tunaweza kupiga kura huku kwa kuwa nchi zetu ziko katika Jumuiya ya Madola. Wewe wa Burundi, pamoja na ndugu zetu wa Kongo, mliingizwa na sheria ya Uskoti ya mwaka 2020, ambayo ilitoa haki ya kupiga kura katika chaguzi za halmashauri na za Bunge la Uskoti kwa raia wa nchi yoyote aliye na ruhusa halali ya kuishi hapa. Umri wa kupiga kura katika chaguzi hizo ni miaka 16. Kitu cha kwanza ni kujiandikisha katika daftari la wapiga kura, kwa sababu kuwemo humo ndiko kunakokufanya uhesabiwe kuwa mkazi mwenye sauti katika eneo la baraza. Uchaguzi wa bunge la London ni habari nyingine, na huo haumo katika ruhusa hii.

Kuhusu uchaguzi wa baraza lenyewe, kwa kawaida wagombea huwa wachache kuliko viti, kwa hiyo wanapita bila kupingwa. Najua maneno hayo yana ladha gani kwa msomaji wa nyumbani. Huku maana yake ni kwamba hakuna mwingine aliyejitokeza, na hilo ndilo linalonihuzunisha.

Lafudhi yako haitamzuia mtu kukusikia. Kikao changu cha kwanza nilizungumza kuhusu mlima wa kuelekea zahanati, ambako sanduku la chumvi na mchanga la kumwaga kwenye barafu lilikuwa limewekwa juu kabisa, mahali ambapo anayelihitaji hawezi kulifikia bila kwanza kuteleza. Nilikuwa nimemsukuma mgonjwa wangu kwenye kiti cha magurudumu katika mlima huo, kwa hiyo niliyasema niliyoyaona. Hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi. Waliniuliza sanduku lihamie wapi, na majira ya baridi yaliyofuata lilikuwa chini ya mlima.

Nitakueleza jambo moja la moyoni. Jumapili ya pili ya Novemba baraza letu huweka shada la maua kwenye mnara wa wenyeji waliokufa vitani, na mwaka jana wajumbe walinipa mimi nilibebe. Mwezi huohuo wa Novemba, mwaka 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vilifika Tanga kwa njia ya bahari, na miaka iliyofuata askari na wapagazi wengi wa Afrika Mashariki walikufa bila majina yao kuandikwa mahali. Nilisimama pale nikiwakumbuka hao pia, na baada ya ibada mwenyekiti aliniomba niwaeleze wajumbe habari zao. Tukakaa ukumbini zaidi ya saa nzima.

Mchangiaji wa Mombasa

Nimefuatilia kwa makini, shukrani sana. Sisi wa pwani tunajua mafuriko ni nini, na nakumbuka Brechin ilitajwa sana katika habari za dhoruba ya mwaka 2023. Ningependa kujua: katika siku ya maafa kama hiyo, baraza la watu sita wasio na fedha linafanya nini ambacho polisi na halmashauri hawakifanyi?

Mwanzisha uzi

Brechin ilikuwa imemaliza kuta zake za kuzuia mafuriko mwaka 2016, kwa gharama ya takriban pauni milioni 16. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Oktoba 2023, katika dhoruba iliyopewa jina la Babet, mto South Esk ulipanda ukazivuka kuta hizo, na wakazi wa mamia ya nyumba wakatakiwa kuhama, wengine wakiokolewa kwa boti. Hatukuwa ndani ya maji hayo, lakini tuliyaona kwa jirani. Miaka miwili kabla yake, mwishoni mwa Novemba 2021, dhoruba ya Arwen iliangusha miti na nguzo kaskazini-mashariki, na zipo nyumba zilizokaa bila umeme zaidi ya wiki moja katika baridi kali.

Kilichotufundisha Arwen ni kwamba taarifa zote zilikuwa zimewekwa mtandaoni, na mtandao haukuwapo. Halmashauri ina ramani ya barabara. Haina habari kwamba mjane wa nyumba ya tatu anatumia mashine ya oksijeni, wala kwamba bwana wa shambani kule juu ni kiziwi na hatasikia mlango ukigongwa. Basi tukatengeneza mpango wetu wa dharura. Tuna orodha ya watu waliokubali wenyewe kuandikwa, nakala ya karatasi iko kwa wajumbe wawili, na tunajua nani ana trekta, nani ana jiko la gesi, na ufunguo wa ukumbi uko kwa nani saa nane za usiku. Jenereta dogo tulilipata kupitia mfuko wa mitambo ya upepo. Kila Oktoba mtu anapita nyumba kwa nyumba kuisahihisha orodha, kwa sababu watu hufa, huhama, na wengine hupata watoto. Orodha isiyosahihishwa ni hatari kuliko kutokuwa nayo, kwa kuwa inakupeleka kwenye mlango usio na mtu huku mwenye shida akisubiri kwingine.

Hiyo kazi ya Oktoba mwaka uliopita tuliifanya watu watatu kwa jioni tisa. Mmoja wao ana miaka sabini na minane.

Kikao kijacho ni Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao. Ajenda ya tano ni basi la usiku, kwa sababu mchango wa halmashauri unafikia ukomo na wametuomba hesabu mpya ya abiria. Tunahitaji watu wa kukaa kituoni kuanzia saa tatu na nusu hadi saa nne na nusu usiku, kwa wiki mbili, na zamu zangu mwenyewe haziniruhusu zaidi ya siku nne. Ndugu wa Aberdeen, najua kwako ni mbali, ila wapo Waswahili wanne ninaowafahamu wanaopanda basi hilohilo, na nimeshawaandikia. Wawili wamekubali kuja kikaoni. Nimemwomba katibu aongeze viti.